Mkono wa kirusi cha Ukimwi na uzi wa bandia

SWALI: Daktari, hujambo? Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Kayole. Nilizaliwa na virusi vya Ukimwi na nimekuwa kwenye dawa tangu utotoni. Sasa natumia ile tembe moja ya jioni, na kipimo changu cha mwisho kilionyesha virusi havionekani. Kaka yangu anasomea baiokemia chuoni. Aliniambia wanasayansi wanaweza kuunda vipande vya DNA kwa mashine, vikaenda vikakamata vimeng'enya vya virusi, yaani protini zao za kazi, na kuvizuia visifanye kazi. Wiki iliyofuata mama mmoja wa kanisani kwetu akaniletea kichupa cha matone, shilingi 3,500, akasema ndani mna hizo DNA, na kwamba nikiyanywa miezi mitatu nitaachana na tembe. Je, jambo hili lipo kweli? Hiyo DNA haitaingia kwenye yangu? Na niingojee dawa hiyo au nifanyeje?

JIBU: Binti yangu, sijambo, na nimefurahi kwamba umeuliza kwanza. Nianze na kichupa, maana hicho hakiwezi kungoja. Usiache tembe kwa ajili yake hata siku moja, na usikinywe hata kama unaendelea na tembe, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo ndani. Mengine yote nitakayoandika hapa ni ya kukueleza kwa nini nasema hivyo bila kusitasita.

Kaka yako amekuambia ukweli mtupu. Vipande hivyo vipo, nimevishika kwa mikono yangu maabara, na kazi vinayofanya ndani ya mrija wa kupimia ni ya kustaajabisha. Aliyejaza kile kichupa aliuchukua ukweli huo akaukata katikati, akakuuzia nusu. Nataka nikupe ile nusu nyingine.

Tuanze na kirusi chenyewe. Kitabu chake chote cha urithi kina herufi 9,700 hivi za RNA, ndugu wa karibu wa DNA; chako kina bilioni tatu za DNA. Kwa umaskini huo, kirusi hakiwezi kujitegemea. Kinaingia kwenye seli yako ya damu kikiwa na vimeng'enya vitatu tu vya kwake, na bila hivyo hakiwezi lolote. Cha kwanza hunakili RNA yake kuwa DNA. Cha pili, integrasi, huichomeka DNA hiyo ndani ya DNA ya seli yako. Cha tatu, proteasi, hukatakata protini mpya ili virusi vichanga vikomae. Hicho cha kwanza wataalamu hukiita transkriptasi ya kinyume, kwa sababu kinasafiri kinyume cha njia ambayo wote tulifundishwa, ya DNA kuzaa RNA. Howard Temin na David Baltimore walikigundua mwaka 1970, kila mmoja katika maabara yake, tena katika virusi vya wanyama, miaka kadhaa kabla ya dunia kuusikia Ukimwi. Mwaka 1975 walipewa Nobeli.

Kimeng'enya hiki kina umbo ambalo sichoki kulieleza. Kinafanana na mkono wa kulia uliokunjwa kidogo, kama wa mtu aliyeshika kamba. Kina vidole, kina kiganja, kina dole gumba, na wanasayansi huvitaja hivyo hivyo kwenye maandishi yao. Uzi wa RNA ya kirusi hulala kwenye kiganja, na hapo ndipo DNA mpya inapounganishwa herufi baada ya herufi. Ukitaka kuuzuia mkono huu una njia mbili: kuulisha herufi mbovu, au kuujaza kiganja usipate nafasi ya kushika uzi wa kweli.

Njia ya kwanza unaitumia kila jioni, na sina hakika kama kuna mtu amewahi kukuambia kliniki. Tembe yako ina dawa tatu: tenofovir miligramu 300, lamivudine miligramu 300 na dolutegravir miligramu 50. Tenofovir ni herufi A ya bandia. Lamivudine ni herufi C ya bandia. Zimetengenezwa na wakemia zifanane na matofali ya DNA kiasi kwamba kimeng'enya cha kirusi kinazipokea kama za kweli. Umewaona akina mama wanaotunga shanga pale Soko la Wamaasai. Sasa fikiria kwenye bakuli la shanga mtu ametia chache zilizotobolewa upande mmoja tu. Mtungaji anaingiza sindano, inaingia vizuri, lakini haina pa kutokea. Shanga inayofuata haiwezi kutungwa, na mkufu unaishia hapo. Ndivyo DNA ya kirusi inavyokatikia njiani. Dolutegravir nayo hukaa kwenye integrasi na kuzishika atomu mbili za magnesiamu ambazo kimeng'enya hicho hakiwezi kufanya kazi bila hizo.

Kwa hiyo ukisikia watu wakizungumzia molekuli za asidi nukleiki, yaani jamii ya DNA na RNA, zilizoundwa na binadamu ili kuzuia vimeng'enya vya virusi, usidhani ni habari ya mbali. Mbili kati ya dawa zako tatu ni za ukoo huo. Ya kwanza kabisa ya ukoo huo kukubaliwa kutibu Ukimwi ilikuwa AZT, Machi 1987, na yenyewe ilikuwa imetengenezwa mwaka 1964 na Jerome Horwitz aliyekuwa akitafuta dawa ya saratani.

Herufi hizo mbovu zina hatari yake, na wenye umri mkubwa kuliko wako wanaikumbuka. Seli zako pia hunakili DNA. Ndani ya mitokondria, vile vinu vidogo vinavyozalisha nguvu ya seli, kuna kimeng'enya cha kunakili ambacho nacho hudanganyika kirahisi na baadhi ya herufi za bandia. Stavudine, dawa iliyotumika sana hapa kwetu miaka ya 2000, ilikidanganya. Ndiyo maana wagonjwa wengi walikonda mashavu na miguu, wengine wakasumbuliwa na ganzi na kuungua nyayoni. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache polepole. Tenofovir na lamivudine hazikisumbui kimeng'enya hicho kwa kiasi hicho. Nataja haya kwa sababu ndiyo yanayoeleza kwa nini watafiti walitamani njia ya pili, ya kuujaza mkono wa kirusi kwa kitu kinachoutambua huo mkono peke yake na kuiacha mingine yote.

Kitu hicho ndicho alichokisimulia kaka yako, na kinaitwa aptama.

Namna kinavyopatikana ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ungedhani mwanasayansi hukaa na kuchora umbo la kuingia kiganjani, kisha akalitengeneza. Sivyo. Anafanya kama mtu anayekwenda soko la mitumba la Gikomba alfajiri belo inapofunguliwa. Hashoni koti la kumtosha mtu fulani. Anamwaga nguo zote, anazijaribisha, zinazokaa vizuri anaziweka kando, na zile bora za kwanza ndizo wenyewe wanaziita kamera. Belo ya maabara ni mrija mdogo wenye vipande vya RNA au DNA trilioni mia moja na zaidi, na karibu kila kimoja kina mpangilio wake wa herufi, uliotungwa na mashine kwa kubahatisha. Uzi mfupi wa RNA haukai umenyooka. Hujikunja, hujifunga vifundo, hujisokota kwa kufuata herufi zake, hivyo mpangilio tofauti huzaa umbo tofauti. Unamimina trilioni hizo zote juu ya kimeng'enya cha kirusi. Vingi vinapita. Vichache vinang'ang'ania. Unaosha visivyoshika, unaving'oa vilivyoshika, unavizidisha kwa njia ileile ya PCR tuliyoizoea wakati wa kupima Korona, kisha unarudia. Mizunguko minane, kumi, wakati mwingine kumi na mitano, na kila mara unaosha kwa ukali zaidi. Mwishoni umebaki na familia chache za vipande vinavyoushika mkono ule kana kwamba vilizaliwa nao.

Njia hii ilitangazwa mwaka 1990 na vikundi viwili vya Marekani, kila kimoja kikifanya kazi kivyake. Craig Tuerk na Larry Gold walikuwa Colorado. Andrew Ellington na Jack Szostak walikuwa Boston, na hao wa Boston ndio waliotoa jina la aptama kutoka neno la Kilatini aptus, yaani kinachofaa, kinachotosha. Tuerk na Gold waliijaribu kwa mara ya kwanza juu ya kimeng'enya cha kunakili DNA cha kirusi kinachoshambulia bakteria. Kwa hiyo njia yenyewe ilizaliwa ikipambana na kimeng'enya cha virusi. Miaka miwili tu baadaye, 1992, Tuerk na wenzake walikigeukia kimeng'enya cha virusi vya Ukimwi, wakapata vipande vya RNA vilivyojifunga fundo la pekee vikakizuia barabara. Na vilikuwa na uchaguzi: vimeng'enya vya jamii hiyohiyo kutoka virusi vya kuku na vya panya havikuguswa. Hilo ndilo jambo ambalo herufi mbovu haziliwezi kwa urahisi.

Mwaka 1998 kikundi cha Thomas Steitz, mtu ambaye baadaye mwaka 2009 alishiriki Nobeli kwa kazi ya ribosomu, mtambo wa seli wa kutengeneza protini, kilitoa picha ya eksirei ya kimeng'enya kikiwa kimekamatana na kipande hicho. Ukiitazama unaona RNA imelala palepale kwenye bonde la kiganja, mahali ambapo uzi wa kirusi ungelala. Imejifanya uzi. Mkono umeushika uzi wa bandia na hauwezi kuuachia kirahisi. Nilipoiona picha hiyo mara ya kwanza nilikuwa bado kijana, na nilikaa nayo mezani siku nzima.

Sasa utaniuliza: kama ni kizuri hivyo, mbona hakiko kliniki?

Tukifuate kipande kimoja safarini, kuanzia mdomoni, maana kichupa chako ni cha kunywa. Kila tonge la sukuma wiki unalokula lina DNA. Omena ana DNA, maharagwe yana DNA, maziwa ya chai yana DNA ya ng'ombe. Mwili wako huikuta DNA ya kigeni mara tatu kwa siku na umejiandaa vya kutosha: tumbo na utumbo vina vimeng'enya vya kuikatakata mpaka inabaki vipandevipande vya kawaida vya lishe. DNA au RNA iliyomiminwa kwenye matone hupita njia hiyohiyo ya sukuma. Hata kama muuzaji angekuwa mkweli kabisa, hata kama kweli angekuwa ametia aptama safi ya maabara ndani ya kile kichupa, ungekuwa umekula mboga ghali sana.

Tuseme basi tumeepuka tumbo, tukadunga kwenye mshipa. Damu nayo ina vimeng'enya vinavyowinda RNA, na kipande cha RNA kisicho na kinga hakimalizi hata dakika chache kikiwa kizima. Wakemia walilipatia hilo dawa: hubadilisha atomu kidogo kwenye sukari ya kila herufi, wanatia florini au kikundi cha methili, na wakataji wa damu hawaitambui tena. Ndipo figo inapoingia. Kipande cha herufi 33 kina uzito wa molekuli wa 10,600 hivi, ilhali dolutegravir ina 419 tu, yaani kipande ni kizito mara 25. Lakini kwa figo hicho bado ni kidogo, kinachujwa na kutoka na mkojo. Wakemia wakakifunga kwenye mnyororo mrefu wa plastiki laini inayoyeyuka majini ili kiwe kikubwa, kibaki kwenye damu.

Mpaka hapo tumeshinda mara mbili. Kizuizi cha tatu ndicho kilichotushinda. Mkono tunaoutafuta hauelei kwenye damu. Uko ndani ya seli. Ukuta wa seli ni wa mafuta, na asidi nukleiki imejaa chaji hasi kutoka mwanzo hadi mwisho, hivyo haiwezi kupenya mafuta hayo. Seli ikiamua kukimeza kipande, hukiweka kwenye kifuko na kukipeleka kwenye jalala lake la ndani kikasagwe; sehemu ndogo sana hutoroka kifukoni. Tembe yako haina tatizo hili. Ni ndogo, inapita tumboni, inapita damuni, inaingia kwenye seli, na seli yenyewe humalizia kuivisha fosfati zinazohitajika ili iwe herufi kamili. Udogo wake ndio nguvu yake. Ni jambo ambalo wanafunzi wangu hulichelewa kulielewa, kwa sababu aptama inapendeza zaidi kwenye picha.

Ndiyo maana ukiangalia mahali ambapo vipande vya namna hii vimefika kuwa dawa ya kweli, kwa muda mrefu mahali pakubwa pamekuwa jicho. Jicho ni chumba kidogo kilichofungwa. Unadunga ndani yake moja kwa moja na dawa haipotei haraka. Pegaptanib, aptama ya kwanza kukubaliwa kuwa dawa, ilipitishwa Marekani Desemba 2004 kwa ugonjwa wa macho wa uzeeni. Ilikuwa ikishika protini iliyo nje ya seli, wala haikuhusiana na virusi. Mwaka 1998 ilikuwa imetangulia fomivirsen, ya ndugu wengine wa ukoo huu, ambao hawashiki kimeng'enya bali hujibandika kwenye ile barua ya RNA inayotoa amri ya kutengeneza protini za kirusi. Herufi zake 21 zilitungwa kwa ajili ya kirusi cha sitomegalo kilichokuwa kikiwapofusha wagonjwa wa Ukimwi. Ilifanya kazi. Kisha ARV zikaenea, kinga za watu zikapanda, upofu ule ukapungua mno, na dawa ikaondolewa sokoni kwa kukosa wagonjwa. Mimi huona hiyo ni habari njema kuliko zote katika historia ya molekuli hizi.

Kuna kisa kimoja zaidi, na hiki mwambie kaka yako akiandike daftarini. Miaka ya tisini kilipatikana kipande cha DNA cha herufi 17, zote G na T tupu, kilichojikunja kama kifurushi kigumu cha pembe nne. Kiliitwa Zintevir. Kwenye mrija kilikuwa kikiizuia integrasi kwa kiasi kidogo mno cha dawa, na kwenye seli zilizokuzwa maabara kilikuwa kikizuia virusi vyenyewe. Kila mtu akaunganisha hayo mawili: kinazuia virusi kwa sababu kinazuia integrasi. Kikaingizwa hata kwenye majaribio ya awali ya binadamu. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, wakafanya jambo rahisi. Walikuza virusi pamoja na dawa hiyo kwa muda mrefu, mpaka virusi vikawa sugu, kisha wakasoma herufi za virusi hivyo sugu kuona vimebadilika wapi. Kama dawa ilikuwa ikipiga integrasi, mabadiliko yangekuwa kwenye integrasi. Hayakuwa hapo. Yalikuwa kwenye gp120, ile protini ya nje ambayo kirusi hushikia mlango wa seli. Kumbe dawa haikuwa ikiingia ndani hata kidogo. Ilikuwa ikikinasa kirusi nje, mlangoni. Hayo yalichapishwa mwaka 1998. Hakuna aliyedanganya. Mrija ulisema kweli yake, seli ikasema kweli nyingine, na ya seli ndiyo inayomhusu mgonjwa.

Virusi kuwa sugu ni jambo la kufikiria hapa pia. Yale mafundo ya RNA ya 1992 hushindwa kirusi kinapobadilisha tofali moja tu la kimeng'enya chake, lile la 277, kutoka arginini kwenda lisini. Tofali moja kati ya mamia. Tena kuna virusi vinavyozunguka duniani vyenye lisini hapo kwa asili, kabla ya kukutana na dawa yoyote. Hili linanigusa nikiwa mtu wa Nairobi. Virusi vilivyoenea Kenya ni hasa vya aina ndogo ya A, vikifuatiwa na D na C, ilhali sehemu kubwa ya utafiti wa dunia ulifanywa kwa aina ndogo ya B, inayotawala Ulaya na Marekani. ARV zimeonyesha zinafanya kazi kwa zote. Lakini aptama, inayoshika kwa kufuata kila pembe ya umbo, sitaiamini mpaka ijaribiwe kwa mkono wa kirusi cha hapa kwetu. Kaka yako akitafuta kazi ya utafiti siku moja, na aichukue hiyo. Vipande vya DNA vya herufi 40 huagizwa kwa barua pepe vikaja vimekaushwa kwenye kichupa, bila barafu, na huvumilia joto. Ukivichemsha na kuvipoza polepole vinajikunja upya kama mwanzo. Kwa sababu hiyohiyo naviona vitafaa mapema zaidi kwenye vipimo vya kutambua magonjwa kuliko kwenye matibabu: kipimo kinachokaa kabatini Lodwar bila friji ni kitu cha thamani.

Uliuliza kama DNA hiyo itaingia kwenye yako. Aptama haiingii. Haina ujumbe wa kusomwa. Inafanya kazi kwa umbo lake, kama kabari iliyowekwa mlangoni, na ikiisha imeisha. Kuna utafiti wa maabara ambapo seli hupewa jeni la kutengeneza aptama zenyewe kwa ndani, ili kukwepa ule ukuta wa mafuta niliokueleza, na hapo ndipo kuna DNA mpya inayoingizwa kwa makusudi. Hiyo ni kazi ya seli kutolewa, kutengenezwa na kurudishwa mwilini chini ya uangalizi mkali. Haiuzwi kwa matone. Anayeingiza DNA yake kwenye DNA yako ni kirusi. Alishafanya hivyo ulipokuwa mtoto, na baadhi ya seli zilizoguswa zimelala hadi leo na DNA hiyo ndani, kimya. Tembe haiwezi kuzifikia zikiwa zimelala. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba yoyote itakayoamka haipati kuambukiza nyingine. Ukiacha dawa, kwa watu wengi virusi hurudi kuonekana kwenye damu ndani ya wiki mbili hadi nne. Muuzaji alikuambia miezi mitatu. Ungekuwa umerudi nyuma kabla hata kichupa cha kwanza hakijaisha, na huenda virusi vingerudi vikiwa vimejifunza kuikwepa moja ya dawa zako.

Kuhusu kungoja: usiingoje. Kuna mahali ambapo ukoo huu unasonga mbele kwa kasi, hasa kwenye ini, kwa sababu ini hupokea vipande vya namna hii kwa urahisi kuliko viungo vingine. Bepirovirsen, kipande kinachoshambulia barua za RNA za kirusi cha homa ya ini B, imepimwa kwa wagonjwa wengi. Patisiran, ya ugonjwa mwingine wa kurithi, ilikubaliwa mwaka 2018 ikiwa imefungwa kwenye vitone vya mafuta, na vitone vya aina hiyo ndivyo vilivyokuja kubeba chanjo za Korona za RNA. Vitone hivyo hupenda kwenda kwenye ini. Seli za damu ambamo virusi vyako vimejificha ni safari nyingine, na njia yake bado inatafutwa. Ikipatikana, itakufikia kupitia kliniki yako, pamoja na karatasi za kueleza na kuomba ridhaa, si kupitia mkoba wa mtu baada ya ibada.

Jiji hili limewahi kupitia shangwe ya namna hiyo. Mwaka 1990 ilitangazwa hapa Nairobi dawa iliyoitwa Kemron, na wagonjwa walisafiri kutoka mbali kuifuata. Majaribio yaliyofuata hayakuona faida yake. Nilikuwa na jirani aliyeuza ng'ombe wawili kwa ajili yake. Wakati ule hapakuwa na tembe ya kuacha. Mtu alipoteza ng'ombe wake na tumaini lake. Wewe una cha kupoteza zaidi, maana unayo dawa inayofanya kazi. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuleta dolutegravir ya bei nafuu, mwaka 2017, na unaipata bila kulipa.

Siku ya kwenda kuchukua dawa, beba kile kichupa umwonyeshe mfamasia wa kliniki. Kama hakina namba ya usajili, yeye ataijulisha Bodi ya Famasia na Sumu. Si lazima jina lako litajwe. Yule mama wa kanisani mwendee kwa upole. Huenda naye aliuziwa kwa imani ileile aliyokuletea, na pengine kuna mtu mwingine kwenye kiti cha nyuma yako ambaye tayari ameshaacha tembe. Huyo anahitaji kurudi kliniki wiki hii. Na ukiwa pale, uliza kipimo chako kijacho cha wingi wa virusi ni lini, uandike tarehe.